Maji Kupwa, Skegness

Wiki kumi na moja nimekesha na wazee wa watu,
nikiwageuza ubavu saa nane, saa kumi,
nikiwanywesha chai kwa kijiko, nikiitwa majina ya binti zao.
Leo ni Jumamosi yangu.
Nimekata tiketi Nottingham hadi Skegness,
kurudi ni saa kumi na mbili na dakika tisa.
Nimevaa ndara, Septemba hii, wenyeji wamevaa makoti,
na mkobani nina chupa tupu:
Bi Doreen wa chumba namba nne ameniagiza,
"Niletee bahari kidogo, niinuse."

Nimenunua samaki na chipsi, siki imelowesha karatasi.
Shakwe ananikodolea kama mdai.
Maji yamekupwa. Yamekwenda huko,
mstari wa kijivu nyuma ya mchanga wa kijivu,
nami nasema sawa, nitayafuata, miguu ninayo.

Ndipo kwenye kibanda cha basi mtu akasema,
"Sasa jamani, tunalala wapi?"

Hakupaza sauti. Lakini Kiswahili
kikikukuta ugenini hakipitii sikioni,
kinashukia tumboni, kama njaa.

Walikuwa sita, na mabegi matatu ya shangazi kaja,
na koti moja la baridi wanaloazimana kwa zamu.
Lusajo, Atupele, Siwema, Ngollo,
na mapacha wa Iramba ambao hata leo siwatofautishi.
Wakala aliwaambia kuna kazi ya kuchuma stroberi,
mtu atawapokea, atashika kibao.
Tangu jana saa tano wanatafuta kibao.
Simu ya wakala iliita, ikaita, halafu haikuita tena.

Niseme ukweli: niliitazama bahari kwanza.
Nikapiga hesabu. Nikivuka barabara,
nikajifanya Mjamaika, nani atanijua?
Siwema akasema, "Shikamoo dada."
Wanasema neno hilo maana yake nashika miguu.
Ni kweli. Ilishikwa palepale,
ndara zikielekea majini.

Nikapiga ubalozini: mashine ikanikaribisha, ikanijulisha ni Jumamosi.
Nikampigia Mzee Kihwele, mweka hazina wetu, Leicester,
akaanza na ada yangu ya miezi mitano.
"Nitalipa, Mzee. Hapa kuna watu."
"Wangapi?"
"Sita."
Kimya. Kisha: "Wamekula?"
Hapo nikajua gari litakuja.

Samaki mmoja, watu saba, tulimgawa kwa ufunguo wa nyumba yangu.
Shakwe akapata ngozi.

Ngollo ni wa Meatu. Alikuwa amesimama, anaangalia mbali.
"Dada, ile ndiyo bahari? Mbona imekimbia?"
"Imekupwa. Itarudi."
"Saa ngapi?"
kama mtu aliyechoka kuahidiwa.
Nikampa ile chupa.
Akaenda, akawa nukta, nukta ikapotea,
akarudi baada ya saa nzima, suruali imelowa magotini, amekasirika:
"Nimeonja. Nani kayatia chumvi yote ile?"
Atupele alicheka mpaka akalia,
au alikuwa analia tangu mwanzo, sikuuliza.

Treni yangu niliisikia ikiondoka.

Mzee Kihwele alifika saa tatu na gari la kubebea mazulia,
sufuria la wali limefungwa kwa khanga ya mkewe.
Akawapakia, akawahesabu, akawahesabu tena.
"Na ada?" akaniuliza dirishani.
Siwema mpaka leo analala kwenye kochi langu.
Wakala hajapatikana.

Jumatatu usiku Bi Doreen alifungua chupa,
akafumba macho, akainusa polepole.
"Uliingia majini?"
"Yalikuwa mbali, Bi Doreen."
Akanusa tena.
"Ajabu," akasema. "Bahari yako inanuka siki."